Kitenzi "Rekebisha": Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Bei imerekebishwa. Ratiba imerekebishwa. Mkataba umerekebishwa. Mtoto amerekebishwa. Msomaji anafika kwenye nukta na bado hajui kama kitu kimeongezwa, kimepunguzwa, kimefutwa au kimeguswa tu. Neno halina kosa. Lina maana yake, tena maana nyembamba: kukigusa kitu ambacho kwa sehemu kubwa ni kizima, pale tu palipopotoka, mpaka kikae sawa na kipimo kinachojulikana.

Maana hiyo ina masharti matatu. Kitu kibaki kilekile. Mguso uwe mdogo. Kipimo kiwepo. Sharti moja likikosekana, tafuta kitenzi kingine. Na hata yote matatu yakitimia, ujue udhaifu wa neno hili: halitaji upande. Kupandisha ni kurekebisha, kushusha nako ni kurekebisha. Ndiyo maana wenye nia ya kuficha upande hulipenda. Kanuni zinazofuata zinamhusu mwandishi, mhariri, mtangazaji, karani na kila anayebandika tangazo ukutani.

FANYA

1. Taja kitu, taja upande, taja kiasi.

Usipoyataja haya matatu hujampa mtu habari. "Ratiba ya treni imerekebishwa" haimsaidii abiria aliyekaa kituoni na mzigo wake. "Treni ya saa mbili asubuhi sasa itaondoka saa mbili na nusu" inamsaidia, na haikuhitaji kitenzi hiki kabisa. Barua ya shule nayo isimwambie mzazi kwamba ada imerekebishwa. Imwambie imeongezwa shilingi ngapi na kuanzia muhula upi.

Ukishaandika upande na kiasi, mara nyingi utaona "rekebisha" limebaki bila kazi. Liondoe. Lina haki ya kubaki pale miguso inapokuwa mingi na inakwenda pande tofauti kwa pamoja: umeongeza hapa, umepunguza pale, umesogeza kule, na lengo ni moja. Hapo neno la jumla linafaa, lakini orodha ya ulichofanya ifuate chini yake.

2. Tanguliza kitenzi cha fundi.

Wanaoshinda kutwa wakifanya marekebisho madogo hawalitumii sana neno hili. Nenda kwa fundi cherehani na gauni lisilokukaa. Atakuuliza abane kiunoni, apunguze mikono, aachie nyongani, akate urefu au apinde upya. Kila neno lina upande wake, na ukikosea moja nguo haikuingii. Gereji hukaza, hulegeza na huseti. Dereva wa bodaboda hukaza mnyororo. Mpishi hukoleza chumvi, na pilipili ikizidi hupooza ukali kwa tui. Mwashi hunyoosha ukuta kwa timazi na husawazisha sakafu kwa pimamaji. Nahodha wa jahazi hukaza demani au huilegeza kwa kadiri ya upepo. Konda wa daladala anayetafuta nafasi ya abiria mmoja zaidi hasemi "rekebisheni mkao". Husema "sogeeni nyuma" na "bananeni", na watu husogea.

Vitenzi vya namna hii Kiswahili kinavyo tele, na vingine kinavizalisha chenyewe kwa kiambishi cha kusababisha: fupi hutoa fupisha, refu hutoa refusha, sawa hutoa sawazisha, laini hutoa lainisha, imara hutoa imarisha. Kila kimoja kinamwambia msomaji mambo yameelekea wapi. Mwandishi anayeipita hazina hiyo na kukimbilia "rekebisha" kila mara ni mvivu, na msomaji wake ndiye anayelipia uvivu huo.

3. Kijue kipimo kabla hujagusa.

Kugusa bila kipimo ni kubahatisha. Saa iliyopoteza majira hurudishwa kwa kuilinganisha na saa iliyo sahihi. Maoni ya mwenye saa hayahusiki.

Washairi wetu wanalijua hili kuliko makarani. Katika shairi la kimapokeo la mishororo minne, mshororo wa kawaida huwa na mizani 16, 8 kila kipande. Neno likizidi, malenga hulifupisha kwa inkisari: "aliyeondoka" huwa "aloondoka", na silabi moja imeondoka kweli. Neno likipungua, hulirefusha kwa mazida: "enda" huwa "enenda". Kila mguso una jina lake, una upande wake, na sababu yake inahesabika kwa vidole. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, vina na mizani vilikuwa katika msingi wa sheria hizo. Unaweza kuzikubali au kuzikataa, lakini huwezi kusema hukuambiwa kipimo.

Basi nawe ukitangaza kwamba umerekebisha kitu, uwe tayari kujibu: ili kilingane na nini? Ukikosa jibu, umekibadilisha tu kwa matakwa yako.

4. Mpe kila ndugu kazi yake.

"Rekebisha" lina ndugu, nao wana kazi zao:

- *Sahihisha* ni pale penye kosa na jibu sahihi. Mwalimu husahihisha madaftari, hayarekebishi.
- *Hariri* ni ya maandishi, na huchukua yote: kufuta, kuongeza, kupanga upya.
- *Tengeneza* na *karabati* ni za kilichoharibika au kuchakaa.
- *Boresha* ni ya kitu kisicho na kasoro unachotaka kiwe bora zaidi.
- *Sasisha* ni kukifikisha kitu kwenye hali ya sasa, kama programu ya simu au orodha ya wapiga kura.
- *Badilisha* ni pale kingine kinaposhika nafasi ya cha kwanza.
- *Geuza* ni pale hali yote inapokuwa nyingine.

Anayeona tofauti hizi ni pambo la kamusi aitazame meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Miaka mingi baadaye injini yake ya mvuke iliondolewa na kuwekwa ya dizeli. Iliundwa, ikaunganishwa, ikazamishwa, ikaopolewa, ikakarabatiwa, ikabadilishwa injini. Hakuna hata hatua moja hapo iliyo rekebisho. Anayeandika kwamba Liemba "ilifanyiwa marekebisho mbalimbali" ameifuta historia ya meli nzima kwa maneno matatu. Aibu yake ni kubwa zaidi akijua kwamba "rekebisha" na "merikebu" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kupanda chombo na ya kupachika kitu juu ya kingine.

5. Soma sheria neno kwa neno.

Bungeni Dodoma hupelekwa mara kwa mara miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Jina linavutia usingizi, lakini ndani yake sheria nyingi zisizohusiana huguswa kwa pamoja: kifungu hiki kinafutwa, kile kinaongezwa adhabu, kingine kinahamishiwa mamlaka mengine. Mwandishi wa habari asiishie kwenye jina. Aeleze sheria ipi, kifungu kipi, kilisemaje na sasa kinasemaje.

Katiba ya Tanzania yenyewe inatufundisha mpangilio wa maneno haya. Ibara ya 98 inazungumzia kubadilisha Katiba, na inaeleza kwamba ndani ya kubadilisha kumo kurekebisha, kusahihisha, na hata kufuta masharti na kuweka mengine. Yaani kurekebisha ni tawi, kubadilisha ni shina. Na hata tawi hilo likiguswa, theluthi mbili ya wabunge wote inatakiwa. Nchini Kenya, ambako husemwa zaidi "marekebisho ya Katiba", Sura ya 16 ya Katiba ya 2010 inataka kura ya maoni pale yanapogusa mambo makuu, kama muhula wa Rais au mipaka ya nchi. Jambo linaloitisha taifa zima kwenye vituo vya kupigia kura lisiandikwe kwa sauti ya mtu anayekaza kifungo.

6. Angalia viambishi na ngeli.

"Nirekebishie" maana yake nifanyie kazi hiyo kwa ajili yangu. "Nirekebishe" maana yake nirekebishe mimi. Mteja anayemwendea fundi na suruali yake akasema "fundi, nirekebishe" ameomba apimwe na kukatwa yeye. Suruali hurekebishwa, na ikishindikana hairekebishiki. Anayeifanya kazi ni mrekebishaji. Kazi yenyewe ni urekebishaji. Matokeo yake ni rekebisho moja au marekebisho mengi. Usiite kazi kwa jina la matokeo.

Tena ngeli ni LI-YA: rekebisho hili, marekebisho haya, marekebisho yamekamilika. "Marekebisho hii" na "marekebisho zimefanyika" ni makosa, na kuyasikia kutoka kwa msemaji wa ofisi hakuyafanyi yawe Kiswahili.

USIFANYE

1. Usifiche kupanda kwa bei.

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu linagusa mfuko wa mtu. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, hutangaza zake kila tarehe 14. Matangazo hayo huja na namba, shilingi kwa lita. Mwandishi aliyewekewa namba mezani hana udhuru wa kuandika "bei za mafuta zarekebishwa". Kuna mambo matatu tu yanayoweza kutokea: zimepanda, zimeshuka, au zimebaki palepale. Chagua moja, andika kwa kiasi gani, endelea.

Ona pia jinsi neno linavyopendelea upande mmoja mitaani. Bei ikishuka, muuzaji hutangaza kwa sauti kwamba imeshuka. Ikipanda, huandika kwa kalamu ndogo kwamba imerekebishwa. Usimsaidie.

2. Usiite mageuzi kuwa marekebisho.

Mwaka 1986 Tanzania iliafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata shilingi ilishushwa thamani na biashara ikafunguliwa. Mwishoni mwa muongo huo wagonjwa wa Kenya nao wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Haya yote yaliingia katika Kiswahili kwa jina la "mipango ya marekebisho ya uchumi". Hapakuwa na udogo wowote ndani yake. Mfumo ulikuwa unapinduliwa, na jina lilikuwa la mtu anayenyoosha kola ya shati.

Linganisha na waliodai vyama vingi miaka michache baadaye. Wao hawakuzungukazunguka, waliita madai yao mageuzi, na chama kimoja kikalitia neno hilo katika jina lake, NCCR-Mageuzi. Mwaka 1992 mfumo wa chama kimoja ukaondolewa kisheria. Uwakubali au uwapinge, walilitaja jambo kwa ukubwa wake.

3. Usibandike "madogo" wala "kidogo" bila hesabu.

"Marekebisho madogo" ni maneno ya kumtuliza mtu asiulize. Ukiyakuta kwenye mkataba wa nyumba au wa kazi, usitie saini. Hesabu vifungu vilivyoguswa. Ukitaka kuyaandika wewe, weka kipimo badala ya sifa: sentimita 2, dakika 10, aya moja, nusu kijiko cha chumvi. Udogo unaojulikana haujitangazi kwa sifa, namba yake inatosha.

4. Usilirekebishe kosa.

"Tumerekebisha makosa yaliyojitokeza" husikika kila siku. Hebu lifikirie. Kitu kilichopotoka hurekebishwa mpaka kikae sawa. Kosa halitakiwi kukaa sawa, linatakiwa liondoke. Kosa lililorekebishwa ni kosa lililokaa vizuri zaidi. Andika "tumesahihisha makosa", "tumeondoa kasoro", na lililo bora kuliko yote: taja kosa lilikuwa nini. Gazeti lililoandika jina la marehemu badala ya la aliye hai halina ruhusa ya kusema "taarifa yetu imerekebishwa". Liseme lilikosea wapi, jina sahihi ni lipi, na liombe radhi.

5. Usimrekebishe mtu kama kiti.

Mtu si kifaa. Kiswahili kina maneno yake kwa kazi hiyo, na yote yanatambua kwamba anayeambiwa ana moyo: kumkanya, kumwasa, kumwongoza, kumkosoa, na kwa mtoto, kumrudi. Methali nayo inasema samaki mkunje angali mbichi. Imetaja kukunja, na imetaja wakati wake. Taasisi zetu zimejitahidi kuchagua majina yenye heshima. Tanzania Bara ina Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, kwa watoto waliokinzana na sheria, na Zanzibar huita jela Chuo cha Mafunzo. Jina pekee halimfunzi mtu, lakini linamkumbusha mlinzi wa mlangoni kazi yake.

Katika mazungumzo, usimwambie mkubwa wako "naomba nikurekebishe". Sema "niwie radhi, mzee, nadhani ilikuwa hivi", au "samahani, mama, labda nimesikia vibaya". Na kama mwenye kosa ni mdogo wako, msubiri watu waondoke.

6. Usiguse maneno ya uliyemnukuu.

Mama aliyesema "nyumba yangu imebomolewa" hakusema "makazi yangu yameathirika". Mvuvi aliyesema "tumeibiwa" hakusema "kumetokea upungufu". Mhariri anaweza kusahihisha herufi iliyochapwa vibaya, basi. Akiona nukuu ni ndefu, aikate na aonyeshe alipokata. Akiona haifai, aiache nje na aeleze jambo kwa maneno yake, bila alama za mtajo. Alama za mtajo ni kiapo kwamba mtu huyo alisema hivyo.

Na kwa mashairi ya wazee onyo ni hilohilo. Lahaja ya Kiamu au Kimvita si kosa la Kiswahili sanifu. Anayebadili "nyota" na kuandika "kiu" kwa sababu yeye hajui kwamba kule nyota ni kiu, anaweza kuvunja mizani na vina kwa pigo moja, akidhani ametengeneza.

7. Usiandike "kufanya marekebisho" pale kitenzi kinapotosha.

"Wizara inaendelea na zoezi la kufanya marekebisho ya mfumo" ni maneno tisa yanayoficha kitenzi kimoja. Inafanya nini hasa? "Wizara inarekebisha mfumo" ni theluthi moja ya maneno hayo. "Wizara inafupisha fomu ya maombi kutoka kurasa 6 hadi 2" ndiyo habari yenyewe, kama ndivyo ilivyo. Nomino ndefu humpa mtendaji mahali pa kulala.

Wala usijifiche katika kutendwa. "Orodha ya majina imerekebishwa" inaacha swali la kwanza ambalo mwanakijiji atauliza: na nani? Kitenzi cha kutendwa hakina dhambi, lakini katika taarifa za ofisi kimekuwa pazia. Mtaje aliyeshika kalamu.

8. Usilichafue neno kwa matamshi na kwa ukopaji usio na haja.

Ni "rekebisha"; "lekebisha" na "rekebesha" hayaandikiki popote. Mazungumzo yana uhuru wake, lakini ukichapisha, r ibaki r. Na usikimbilie neno la kigeni kwa kudhani Kiswahili kimeishiwa. Fundi aliyezoea kuseti injini aachwe aseti, neno limeshakaa kazini na kila mtu gereji analielewa. Karani anayeacha sogeza, punguza, linganisha na weka sawa ili atamke "adjasti" hana sababu ya fundi. Anajipamba.

Kwa mhariri, hukumu ni fupi. Ukikuta "imerekebishwa" kwenye ukurasa ulio mbele yako, muulize mwandishi: ni kipi kilichoguswa, kimeelekea upande upi, kwa kiasi gani, na amekigusa nani? Akijibu, andika majibu yake mahali pa neno. Asipojibu, habari hiyo haijakamilika, mrudishie.